Mfarishi unaoanzia ukingoni

Wanawake wa Kisidi wa jimbo la Karnataka, India, hushona mfarishi wa viraka kwa kuanzia ukingoni. Sindano inazunguka, mstari ndani ya mstari, mpaka inabaki nafasi ya kiganja katikati. Hapo, kabla ya kushonea kiraka cha mwisho, wapo wanaotia punje chache za mchele. Tumbo la mfarishi lisilale na njaa.

Habari hiyo niliipata Ngamiani, Tanga, kwenye baraza ya mwalimu mstaafu wa sayansi kimu ambaye Jumamosi baada ya alasiri huwafundisha majirani zake kushona. Nilikuwa natafuta habari za bei ya mitumba. Mitumba itasubiri.

"Andika kazi, jina langu liache," alinionya mapema. "Mtaani wananiita Mwalimu, yatosha."

Mbele ya Mwalimu lilitandikwa shuka kuukuu. Huo ndio mgongo wa mfarishi. Wasidi wenyewe hutumia sari iliyochakaa. Hapakuwa na mchoro, chaki wala pini. Alichukua kipande cha kanga kilichokatwa kwa makadirio ya macho, akakilaza kwenye kona, akakunja ukingo wa shuka na ukingo wa kanga vikaelekeana, akaanza kupiga bandi. Fundi cherehani hupiga bandi ya kushikizia tu, kisha akaifumua. Hapa bandi ndiyo mshono wenyewe, na uzi mweupe hauoni haya kuonekana. Kipande kilipofika mwisho alichomeka kingine, ncha yenye nyuzi akaifutika ndani, bandi ikaendelea bila kukatwa. Kwenye kona aligeuza. Aliporudi alipoanzia, hakufunga uzi. Aliingia ndani kwa upana wa kidole na kuanza mzunguko mwingine. Bandi ile ile inaunga kiraka na kiraka, na papo hapo inashika viraka na mgongo. Hakuna siku ya kuunga uso wa mfarishi na siku nyingine ya kuutandika juu ya pamba. Ukikata uzi wa mwisho, umemaliza.

Aliyesomea ushonaji darasani ataona huku ni kuvaa shati kwa kuanzia vifungo. Somo la kawaida la mifarishi ya Kizungu linasema unga viraka kwanza, panga uso, pamba na mgongo, halafu shona kutoka katikati kwenda nje ili mikunjo isukumwe pembeni. Upindo wa kuzunguka ndio wa mwisho. Mwalimu alifundishwa hivyo, na hivyo akawafundisha wasichana wa watu mpaka akastaafu.

"Nilikuwa nawaambia, ukianza pembeni nguo itakukusanyikia katikati, itatoa kitambi. Na ni kweli, mwanangu, inatoa! Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa na mimba ya miezi saba."

Wanafunzi wake walicheka, ingawa nadhani hawakuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza. Mwalimu akaeleza dawa yake. Mkono wa kushoto hauondoki juu ya kitambaa: unalaza, unasukuma, unalaza tena. Na kwa kuwa kiraka kinachofuata bado hakijakatwa, unakikata kwa kuitazama nafasi iliyopo. "Ule wa shuleni unataka hesabu kabla hujatia uzi. Huu unakuuliza kila unapofika."

Haya yote aliyaona kwenye simu ya mjukuu wake. India hajafika, na katika video aliyoipenda zaidi wanaoshona hawaonekani nyuso. Nilimuuliza ni mwalimu gani aliyempenda kuliko wote. Akaanza na sista mmoja wa shule ya misheni, aliyekuwa akifumua kazi ya mtoto mbele ya darasa zima, kisha akanyamaza na kujirekebisha. "Yule nilimwogopa. Wa kupenda ni hii mikono. Haisemi kitu. Ikikosea inarudi nyuma mishono miwili, inaendelea. Mimi sikuwahi kumwonyesha mwanafunzi wangu nikikosea. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu, naye hakulingoja.

Wasidi ni uzao wa Waafrika, wengi wao watumwa waliopelekwa Goa na Wareno, wakiwemo watu wa pwani hii yetu ya mashariki na Msumbiji. Waliotoroka walijichimbia katika misitu ya milima ya Ghats, huko wilaya ya Uttara Kannada, na wajukuu wao wapo mpaka leo: Wahindu, Waislamu na Wakatoliki, wakizungumza Kikonkani na lugha nyingine za majirani. Mwaka 2003 serikali ya India iliwaingiza katika orodha ya makabila yanayostahili ulinzi maalumu wa kisheria. Mifarishi yao, inayoitwa kawandi, ilijulikana zaidi ng'ambo baada ya Henry Drewal, profesa wa sanaa za Kiafrika huko Wisconsin, Marekani, kusaidia kuanzisha ushirika wa washonaji wa Kisidi mwaka 2004. Washonaji Wakatoliki wakati mwingine hushonea misalaba, Waislamu hilali.

Lakini pembe nne ni za wote. Kila pembe ya kawandi huchomoza ua, ambalo wao huliita phula: kipande cha mraba kinakunjwa mara mbili kuwa pembetatu, kingine cha rangi tofauti kinapandishwa juu yake, tabaka zinabanwa kwenye mshono wa kona na ncha inabaki nje. Halipashi mtu joto. Wasidi wanasema mfarishi usio na phula uko uchi. Mwalimu huzitengeneza kwa mabaki ya vitenge, na huwakatalia wanafunzi wanaotaka kuziruka ili wawahi kumaliza. Pale tu ndipo nilipomwona sista wa misheni ndani yake.

Je, ujuzi huu ulitoka huku na watu wakaenda nao, au waliukuta India, ambako majirani zao pia hushona mifarishi ya sari kuukuu? Mwalimu hapendi swali hilo. "Wewe unataka niseme ni wetu. Aliyechukuliwa amefungwa kamba, unadhani alibeba sindano?" Muda si mrefu, akiwa amenipa kisogo, akaongeza: "Labda aliubeba mikononi."

Kuna jambo jingine linalomkera zaidi. Leo kawandi inafundishwa kwa ada huko Marekani na Ulaya, na yeye mwenyewe ameanza kupokea wanafunzi wa kulipa. Elfu mbili mbili tu, za uzi na chai, lakini ni fedha. Wale wenye mikono wanapata nini? Binti mmoja alisema aliyeweka video mtandaoni amekwisha kutoa. Kijana fundi cherehani, mwanamume pekee pale barazani, akasema kutoa si kuuza. Walibishana mpaka adhana ya magharibi.

Mchele nao una kesi yake. Mama mmoja hataki kabisa kuutia. Chakula, anasema, hakifukiwi ndani ya matandiko, na fukusi wa Tanga hawana adabu. Mwalimu hamlazimishi. Wake yeye anatia punje tatu, mbichi, na ana swali alilonituma nimuulize Msidi yeyote nitakayekutana naye, maana video haikufika huko: mfarishi ukifuliwa, ule mchele unakuwaje?