Tangi la Samaki Likinuka, Usikimbilie Udi

Leo naomba tuzungumze jambo la ndani ya nyumba, jambo ambalo limenigharimu samaki wanne na machozi ya binti yangu.

Nyumba nyingi siku hizi zina tangi la samaki wa mapambo ukumbini. Langu ni dogo, la lita 60, na ndani mlikuwa na goldifishi sita. Alhamisi moja jioni nilirudi kazini nikakuta ukumbi unanuka. Haikuwa harufu ya kumtoa mtu mbio, lakini ni ile ambayo mgeni akiingia hukunja pua na asiseme kitu. Na wageni tulikuwa nao kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Mke wangu akatia makaa kwenye chetezo akafukiza udi. Nyumba ikawa inanukia na kunuka kwa wakati mmoja.

Mimi nikaona dawa ni usafi. Nikawatia samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua vioo, mawe na sponji ya filta kwa maji ya mfereji na sabuni kidogo. Nikarudisha kila kitu mahali pake na kujaza maji mapya. Wageni walikuja, wakasifu. Jumapili harufu ikarudi. Jumanne asubuhi samaki wanne walikuwa wanaelea matumbo juu.

Chanzo nilikigundua nikiwa nimeshachelewa. Wiki moja kabla, mwanangu aliokota kombe kubwa ufuoni akalitia ndani ya tangi kama pambo. Nilipolitoa na kulinusa, nilitaka kutapika: ndani kabisa, pale kidole hakifiki, mlikuwa na nyama ya koa imeoza. Siku ile ya usafi nililisugua kwa nje na kulirudisha kwa mikono yangu mwenyewe. Kibaya nilikirudisha, kizuri nikakimwaga kwenye mtaro.

Kizuri chenyewe ni nini? Samaki hula na kunya ndani ya maji yale yale. Uchafu wao, mabaki ya chakula na chochote kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaoishi kwenye sponji ya filta, mchanga na mawe. Hao huigeuza amonia hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho tunakipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Sabuni na klorini ya mfereji huweza kuwaua. Kwa hiyo niliwaacha samaki sita, ambao kwa tangi la lita 60 walikuwa wengi mno, na sumu isiyo na wa kuiondoa.

Ndiyo maana nasema: tafuta chanzo kwanza, usafi baadaye. Na pua yako inaweza kukusaidia sana.

Anza hivi. Chota maji ya tangi kwenye glasi safi, nenda nayo uani, mbali na ukumbi, kisha unuse. Tangi lenye afya hunuka kidogo kama udongo uliopata mvua, basi. Kama maji ya glasi hayana neno, tatizo liko nje ya maji: mbao za meza zilizolowa, zulia lililonyonya maji chini ya tangi, kifuniko chenye utando, au kopo la chakula cha samaki lililovunda kwa unyevu wetu huu wa pwani.

Kama glasi inanuka mzoga, hesabu samaki wako. Usikisie, hesabu. Aliyekufa huenda amenasa nyuma ya jiwe au ubavuni mwa filta, na pengine aliruka akakauka nyuma ya meza. Konokono pia wahesabu, maana mmoja tu akifa hunuka kuliko umbo lake. Samaki mmoja akioza wote wameoza: methali hii tumezoea kuwapigia watu, lakini ndani ya tangi ni kweli tupu. Makombe na matumbawe ya baharini ndiyo mtuhumiwa wa pili. Ukiacha kuoza, hayo hufanya maji yawe magumu na kupandisha alkali, na maji ya namna hiyo huifanya amonia iwe kali zaidi. Na kuyaokota ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku.

Kama harufu ni ya yai viza, tazama mahali ambapo hewa haifiki. Mchanga mnene uliokaa muda mrefu bila kuguswa hufanya gesi hiyo chini yake. Usiuchimbue wote kwa pupa samaki wakiwa ndani, kwani gesi hiyo nayo ni sumu. Safisha sehemu ndogo ndogo kwa siku kadhaa.

Mahali pengine ni filta, hasa ile ya kopo lililofungwa. Stima ikipotea saa nyingi, maji yaliyomo ndani husimama, bakteria wazuri hukosa hewa na kufa, na uchafu huoza. Stima ikirudi, uvundo wote unasukumwa kwa samaki. Basi giza likidumu, zima filta, toa sponji uiweke ndani ya tangi, na kila baada ya muda chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu ili yapate hewa. Joto letu ni kubwa, na maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Kabla ya kuiwasha tena, mwaga maji yaliyolala ndani ya filta.

Kama harufu ni ya kinamasi, angalia majani yanayooza, au utando wa kijani unaoteleza kama kamasi juu ya mchanga. Uvute utoke, na upunguze mwanga na chakula.

Na kama hakuna mzoga, yai viza wala kinamasi, ila ni uvundo tu usioeleweka, mshtaki chakula. Nyumba yenye watoto watatu, kila mmoja hulisha samaki akidhani ndiye wa kwanza. Kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, kinatosha. Samaki mkubwa mwenye afya hadhuriki kwa kukosa siku moja.

Usisahau pia maji unayotia. Wengi wetu tunatumia ya mfereji yanapopatikana, na yasipopatikana ni ya kisima au ya mkokoteni. Yanuse kabla. Kisima kilicho karibu na shimo la choo kinaweza kukuletea uchafu ule ule unaoukimbia.

Ukishakiondoa chanzo, badilisha robo ya maji, si yote, na urudie baada ya siku moja au mbili. Maji ya mfereji yatie dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki, au angalau yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima. Sponji ikamue ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, bila sabuni. Na jambo moja la mwisho: amonia huua kabla pua haijaisikia, kwa hivyo ukiweza nunua kipimo chake. Jibu linalotakiwa ni sufuri.

Sote tulisomeshwa chuoni kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Samaki wa tangini naye tumemfungia. Hawezi kutoka kwenda kutafuta maji mengine, na hana sauti ya kutuambia yanamchoma. Harufu ndiyo njia pekee ya malalamiko yake kutufikia, nasi tunaifunika kwa udi.

Wale wawili waliobaki wako hai mpaka leo, alhamdulillah. Binti yangu ndiye msimamizi wao sasa, na chetezo hakiwashwi ukumbini mpaka yeye kwanza anuse glasi.