Sindano ya Dira Haioni Bonde

Ukisimama kwenye mwamba wa Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, kijiji cha Mazinde na nyika yake viko chini yako karibu mita 1,000. Ukungu ukishuka huvioni, na ukingo wa genge nao huuoni. Kwa hiyo namsihi kila anayekuja kutembea Usambara ajifunze ramani na dira kabla hajavihitaji.

Wengi hudhani jua linatosha. Asubuhi na jioni linasaidia, adhuhuri hapana. Lushoto iko chini ya nyuzi 5 kusini mwa ikweta: mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini, na mwanzoni mwa Oktoba linakaa utosini kabisa.

Dira nayo ichaguliwe. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya huwekewa uzito mdogo upande wa kusini wa sindano, maana kule sumaku ya dunia huivuta ncha ya kaskazini chini. Huku kwetu inayovutwa chini ni ncha ya kusini. Ukijumlisha na ule uzito, sindano huinama, ikasugua kasha na kukwama. Iliyokwama haitikisiki, nawe waiamini kwa utulivu wake! Ishike bapa, mbali na simu na panga, igeuzegeuze, uone kama sindano inarudi palepale.

Lakini hata dira nzima hukuonyesha tu upande unakokwenda. Njia iko kwenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha mwinuko kwenye ramani. Katika ramani ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, na vijiji viwili vinavyotazamana vinaweza kuachana kwa sentimita 4 tu huku katikati kuna bonde lenye kina cha mita 300. Mskoti William Naismith alipendekeza mwaka 1892 kukisia saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Bonde lile peke yake linakuongezea nusu saa, bila kuhesabu utelezi wa kuteremka. Mara nyingi mgongo wa mlima unaozunguka ni mrefu kwenye karatasi na mwepesi miguuni. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, walilijua hilo zamani. Tazama njia zao nyingi zinavyoshika migongo.

Ukungu ukikukuta kwenye msitu wa Magamba nawe unatafuta daraja la kijito, usililenge daraja lenyewe. Lenga kwa makusudi sehemu ya kijito iliyo juu zaidi, upande maji yanakotoka. Ukifika majini utajua bila kubahatisha kwamba ugeuke kufuata mkondo.

Na ukikutana na mzee njiani, mpe shikamoo yake kwanza. Kisha usimuulize kama ni mbali, kwani mwenyeji wa milimani atakwambia ni hapo tu. Muulize utavuka vijito vingapi, na cha kwanza kinatiririkia upande gani. Halafu fungua ramani, uvihesabu.