Huruma Ikichoka Kakuma

Katikati ya mwaka 2025 mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, ulishuka hadi asilimia 28 ya mgao kamili. Fedha ambazo familia zilikuwa zikipokea ili kujinunulia mboga, maziwa na kuni zikasimamishwa. Ilipofika Agosti, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaanza kuwapanga wakimbizi kwa makundi: wanaoonekana kuwa hoi wapate zaidi, wanaodhaniwa kujimudu wapate kidogo, na wengine wasipate kabisa. Watu waliandamana.

Mtoto aliyeshinda na njaa mwezi Januari alikuwa na njaa ileile mwezi Juni. Vita vya Sudan Kusini havikuwa vimekwisha, wala ardhi kando ya mto Tarach haikuwa imeanza kuota mahindi. Kilichogeuka kilikuwa mbali. Serikali ya Marekani ilikuwa imevunja shirika lake la misaada, USAID, na wafadhili kadhaa wa Ulaya nao wakakaza mikoba. Misaada ilikuwa imekuja kwa zaidi ya miaka 30, tangu 1992 wavulana wa Sudan walipoingia Kakuma kwa miguu na dunia ikaguswa na picha zao. Sasa dunia ilikuwa inatazama kwingine.

Mwanafalsafa Immanuel Kant wa Königsberg alimfikiria mtoaji wa namna hiyo mwaka 1785, katika kitabu chake kifupi kuhusu msingi wa maadili. Alieleza habari za mtu mwenye huruma ya kuzaliwa nayo, anayefurahi kuona wenzake wamefurahi. Kisha akamtwika majonzi yake mwenyewe, mazito kiasi kwamba shida za watu hazimgusi tena. Je, mtu huyo ataendelea kusaidia? Akiendelea, alisema Kant, hapo ndipo tendo lake linapopata thamani ya kimaadili, kwa sababu sasa anasaidia kwa kujua kwamba anapaswa, ijapokuwa moyo wake hausemi kitu.

Wengi humwona Kant mkavu hapa. Mwaka 1976 mwanafalsafa Michael Stocker aliuliza mgonjwa angejisikiaje kama rafiki aliyemjia hospitalini angekiri kwamba amekuja kutimiza wajibu tu. Swali hilo lina uzito wake. Lakini mgonjwa na mkimbizi hawangojei kitu kimoja. Mgonjwa anataka kupendwa na rafiki yake. Mama anayengoja unga kutoka kwa watu asiowajua hana haja ya mapenzi yao. Ana haja ya kujua kwamba unga utakuja mwezi ujao, na mwezi wa baada ya huo, hata kama kuna msiba mwingine umeingia kwenye habari.

Kant alitoa pia mfano wa mwenye duka asiyempunja mtoto aliyetumwa kununua kitu. Bei yake ni ya haki, ila huenda anafanya hivyo kwa sababu tu jina baya linafukuza wateja. Wenye maduka wa aina hiyo wapo Kakuma na katika makazi jirani ya wakimbizi ya Kalobeyei. Mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa Bamba Chakula, ambapo mkimbizi alipewa thamani ya chakula kwenye simu na kwenda kununua kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia maisha ya Kalobeyei walikuta kaya nyingi zikidaiwa madukani. Mwenye duka hutoa unga na mafuta leo, hulipwa fedha zikiingia, na mteja hujikuta amefungwa kwake mwezi hadi mwezi. Ni wema au ni biashara? Ni vyote viwili, na ingekuwa kazi bure kutaka kuvitenganisha. Mteja anaweza kupima unga na kuhesabu deni lake. Nia ya muuzaji inaweza kubaki siri yake.

Kuna kazi nyingine ambazo nia ya anayezifanya haiwezi kuachwa gizani. Mpigania uhuru Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka 1953, akafungwa Lokitaung, huko Turkana, kisha kuanzia 1959 hadi 1961 akawekwa Lodwar. Hakimu Ransley Thacker alikaa kitini, akasikiliza mashahidi, akaandika hukumu. Kwa macho, kila sehemu ya wajibu wake ilitimizwa. Kumbe alikuwa ameahidiwa pauni 20,000 na serikali ya kikoloni. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba alihongwa. Uamuzi wa hakimu haupimwi kwenye mizani ya dukani. Anayehukumiwa hana la kushika isipokuwa uaminifu wa anayehukumu, na nia ikioza hakuna kinachobaki.

Waturkana wa pwani ya Ziwa Turkana na nyika wana shule yao ya wajibu, kongwe kuliko kambi. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, aliyeishi nao mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1955, alieleza jinsi mwenye mifugo anavyojizungushia watu wenye haki juu ya mifugo yake: ndugu wa baba, wajomba, wakwe, na marafiki wa kupeana wanyama. Mahari ikihitajika, au ukame ukimaliza zizi, anawaendea na kuomba, na wao hawatarajiwi kukataa. Hakuna karatasi inayoandikwa, lakini hakuna kinachosahaulika. Anayetoa leo anawapenda ndugu zake, anatimiza linalompasa, na anajiwekea akiba kwa siku mbaya. Mambo hayo matatu yamo ndani ya mbuzi mmoja.

Wajibu huo una meno. Watafiti Sarah Mathew na Robert Boyd walichunguza mashambulizi 88 ya kuteka mifugo yaliyofanywa na Waturkana, na mwaka 2011 wakachapisha walichokikuta: mamia ya wanaume hujitokeza kupigana bila jeshi wala mfalme, na anayetoroka bila sababu inayokubalika huhukumiwa na rika lake. Huchapwa viboko, na hutozwa mnyama wa kuchinjwa. Sababu nzuri, kama ugonjwa, humwokoa.

Hapa ndipo wajibu peke yake unapotisha. Kijana anayesimama imara pamoja na rika lake anastahili heshima, na ng'ombe anaowafuata ni wa familia ya upande wa pili ambayo nayo ina watoto. Uaminifu kwa wenzake ni wa kweli na dhuluma kwa jirani ni ya kweli. Viboko vya rika haviwezi kumwambia kama safari yenyewe ni ya haki. Swali hilo anapaswa kujiuliza kwa akili yake, au wazee wamuulizie.

Nia njema nayo inahitaji kuulizwa maswali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway ilijenga Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha samaki ili wafugaji waliopoteza mifugo wapate riziki. Hakuna sababu ya kutilia shaka moyo wa waliokijenga. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi mahali pasipo na vyote viwili, na kiwanda kikasimama karibu mara tu kilipoanza. Muda si mrefu maji ya ghuba ya Ferguson, kulikokuwa na samaki wengi, yakakauka. Wafugaji wa Turkana walijua muda mrefu kwamba ziwa lile huja na kuondoka. Kuwauliza kungekuwa sehemu ya wajibu wenyewe.

Mkenya aliyelifikiria jambo hili kwa kina ni Henry Odera Oruka, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Alikataa kabisa kuiweka misaada kwenye fungu la hisani. Kila binadamu, alisema, ana haki ya kiwango cha chini cha kuishi: usalama wa mwili, afya, riziki. Asiye na hicho hawezi hata kutumia akili yake kama mtu mwenye maadili, kwa hiyo mwenye uwezo hana ruhusa ya kumwambia kwamba mipaka ya nchi inamwondolea deni. Kant, ambaye mara nyingi huonekana kusimama mbali na Afrika, aliandika jambo la karibu mwaka 1795: mgeni anapobisha hodi, kutomtendea kama adui ni suala la haki, na haruhusiwi kurudishwa ikiwa kurudishwa kutamwangamiza.

Kenya imewahi kupimwa kwa kipimo hicho. Mei 2016 serikali ilitangaza kuvunja idara ya wakimbizi na kufunga kambi, ikitaja usalama. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alibatilisha agizo la kufunga kambi ya Dadaab, akisema lilikuwa la kibaguzi, lililowaadhibu watu kwa pamoja bila kuwasikiliza. Serikali ilikuwa na nia, na huenda hofu yake ya ugaidi ilikuwa ya kweli. Mahakama ilidai sababu zinazoweza kusimama mbele ya mtu anayefukuzwa.

Hoja ya Oruka ina ukali mwingine ambao wageni huusahau wakifika Kakuma. Mwanamke wa Kiturkana anayebeba kuni hadi kambini na kuzibadilisha kwa unga anaishi katika kaunti iliyo miongoni mwa maskini zaidi nchini. Mgao wa mkimbizi ulipokatwa, soko lake la kuni lilikatwa pia, na jina lake halimo kwenye kundi lolote la wanaogawiwa. Kama kiwango cha chini ni haki ya binadamu, yeye anakidai kwa nguvu ileile. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Rais William Ruto Machi 2025, vinataka wakimbizi na wenyeji wahudumiwe pamoja, kwa shule na hospitali za pamoja. Fedha za kuutekeleza mpango huo zinatarajiwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa wafadhili walewale.