Bujumbura: Namna ya kusafirisha pikipiki ya mbio kwa gharama nafuu

Pikipiki ya mbio haifiki uwanjani kwa magurudumu yake yenyewe. Pikipiki ya motokrosi hutengenezwa bila taa, bila vioo na bila mahali pa namba ya usajili, na kwa sababu hiyo hairuhusiwi kupita katika barabara za umma. Matairi yake, yaliyokusudiwa udongo na matope, huisha upesi yakisuguliwa na lami. Ni lazima ibebwe, na kwa kijana asiye na gari, gharama ya kuibeba ndiyo huamua kama atashindana au atabaki kuwa mtazamaji.

Kwa mkazi wa Bujumbura, suala hili lina uzito wa pekee. Viwanja vya motokrosi vinavyojulikana zaidi katika ukanda huu viko mbali: Garuga na Busiika nchini Uganda, na Jamhuri jijini Nairobi. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda tarehe 11 Januari 2024, njia ya kuelekea huko imekuwa ile ndefu ya Kobero, kisha Tanzania kupitia Ngara, Biharamulo na Bukoba hadi mpaka wa Mutukula. Ikiongezwa adha ya uhaba wa mafuta iliyoikumba nchi katika miaka ya karibuni, kila lita ina thamani yake.

Kugawana pikapu

Njia nafuu ya kwanza ni kugawana gari. Pikipiki ya motokrosi ya sisi 250 ina uzito wa kilo 100 hivi, kwa hiyo pikapu ya kawaida inaweza kubeba tatu bila kuzidiwa. Siri iko katika mpangilio: mbili za pembeni huelekezwa mbele, na ya katikati huelekezwa nyuma, ili mikono ya usukani isigongane. Katika pikapu yenye viti vya nyuma, ambayo sanduku lake ni fupi, mlango wa nyuma hubaki wazi na matairi hukaa juu yake. Hapo ni lazima kuhakikisha kwamba taa na namba ya gari havifunikwi.

Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa pikapu hutumia lita 12 kwa kila kilomita 100, safari ya kilomita 500 itahitaji lita 60. Anayesafiri peke yake hulipia zote, ilhali watu watatu hulipia lita 20 kila mmoja. Kodi ya gari na posho ya dereva nazo hugawanyika vivyo hivyo.

Lori linalorudi tupu

Njia ya pili ni kutumia nafasi iliyokwisha kulipiwa na mtu mwingine. Burundi huagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza nje, na malori mengi yanayoleta shehena Bujumbura kutoka bandari ya Dar es Salaam hurudi bila mzigo. Mwenye lori hupendelea kupata malipo kidogo kuliko kurudi mikono mitupu, na hapo ndipo penye nafasi ya kupatana bei. Upungufu wa njia hii ni kwamba lori halifuati ratiba ya mashindano, wala halimfikishi mtu mlangoni mwa uwanja. Inamfaa anayeanza safari siku kadhaa mapema na aliye na mtu wa kumpokelea pikipiki mahali njia zinapogawanyika. Makubaliano yaandikwe, pamoja na namba ya fremu na hali ya pikipiki ilipopakiwa.

Njia ya tatu ni trela ndogo inayovutwa na gari dogo. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanaweza kuitengeneza, na kikundi cha waendeshaji kikichangia hudumu nayo miaka mingi. Hata hivyo, gari linalovuta trela huchelewa kusimama, na breki hupata joto zaidi kwenye mteremko. Barabara ya kutoka Bugarama, iliyo kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, hadi Bujumbura, penye mwinuko usiofika mita 800, haimsamehi dereva anayetegemea breki peke yake. Gia ndogo ni ya lazima.

Kufunga vizuri ni kuokoa fedha

Unafuu wote hupotea pikipiki ikianguka njiani. Wakati wa kupakia, itumike mbao imara yenye urefu wa mita mbili au zaidi, iliyofungwa kwenye gari ili isiteleze, na pikipiki isukumwe na watu wawili, injini ikiwa imezimwa. Tairi la mbele liegemezwe ukutani mwa sanduku. Mikanda miwili ya kukazia ivutwe kutoka kwenye usukani hadi pembe mbili za mbele, mpaka shokapu za mbele zibonyee takriban nusu. Zikibonyezwa hadi mwisho, sili zake huweza kuharibika na mafuta kuvuja. Mikanda mingine miwili izuie sehemu ya nyuma isicheze.

Mipira ya kufungia mizigo haifai kwa kazi hii, kwa kuwa hunyumbuka kila gari linaporuka shimo. Stendi isitumike safarini, koki ya mafuta ifungwe, na baada ya kilomita 10 hadi 20 gari lisimame ili mikanda ikaguliwe upya. Mafuta ya akiba katika madumu ya plastiki ni hatari ya moto.

Hati za mpakani

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu chombo kuingizwa nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, mradi kirudishwe kwa wakati uliowekwa. Pikipiki isiyo na namba ya usajili iambatane na risiti ya ununuzi inayoonyesha namba ya fremu, na itangazwe kwa maofisa wa forodha wakati wa kutoka Burundi. Asiyefanya hivyo huenda akadaiwa ushuru wa chombo chake mwenyewe wakati wa kurudi. Gari linalobeba nalo linahitaji bima inayotambulika nje ya nchi, ile iitwayo kadi ya njano ya COMESA. Dereva akumbuke pia kwamba Burundi huendesha upande wa kulia, ilhali Tanzania, Uganda na Kenya huendesha upande wa kushoto.

Kabla ya yote, mshiriki aulize kama waandaaji wanaweza kumpatia pikipiki ya kukodi. Wakati mwingine safari nafuu kuliko zote ni ile ambayo mwendeshaji hubeba kofia ngumu na viatu vyake tu.