Kamera Ionayo Homa

Kila chenye joto, hata jiwe lililoachwa juani, hutoa mionzi ambayo jicho la mwanadamu halikujaaliwa kuiona. Na aliyeitambua kwanza ni mwanafalaki William Herschel, ambaye mwaka 1800, huko Uingereza, aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipodhaniwa hapana nuru, akastaajabu kuona kimepanda kuliko penye rangi zote. Mionzi hiyo, iitwayo infraredi, ndiyo inayotafutwa kwa kamera ya joto usoni mwa msafiri ashukaye uwanja wa ndege wa Entebbe kuelekea Kampala, wakati maradhi ya kuambukiza yanapotanda ulimwenguni.

Lenzi ya kamera ya joto haifanywi kwa kioo cha kawaida, kwa kuwa kioo huizuia infraredi itokayo mwilini. Hufanywa kwa jerimaniamu, kitu cha kijivu king'aacho ambacho macho yetu hayapenyi lakini infraredi hiyo hupita humo bila pingamizi. Nyuma yake mna vitambuzi vidogo mno, aghalabu vya oksidi ya vanadiamu, ambavyo vikipata joto, ukinzani wake wa umeme hubadilika, na badiliko hilo likageuzwa picha na tarakimu. Mahali pa kuaminika pa kulenga ni pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, wala si paji la uso, ambalo jua la uwanjani au ubaridi wa ndege huweza kulipotosha.

Usiku wa Machi 21, 2020, msafiri aliyetoka Dubai alipimwa Entebbe akakutwa na joto la nyuzi 38.7. Alitengwa hospitalini, sampuli yake ikapelekwa katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyomo katika mji uo huo, ikathibitika kuwa ndiye mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kipimo cha joto kiligundua homa. Maabara ndiyo iliyogundua virusi. Taasisi hiyo iliasisiwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano, na mwaka 1947 virusi vya Zika viligunduliwa katika msitu wa jina hilo, jirani na Entebbe. Kwa hiyo kamera ya uwanjani ilikuwa na maulamaa wa kuitegemea.

Pasipo maulamaa hao, kamera ina upungufu mkubwa. Katika meli ya kitalii Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama Februari 2020, watu 712 kati ya 3,711 waliambukizwa, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Hao wangepita mbele ya kamera yoyote kwa amani. Kadhalika mtu akimeza paracetamol, homa hushuka; na huku kwetu mwenye malaria huzuiliwa bure.

Ndiyo maana nawaonea imani madereva wa malori wa mipakani Malaba na Mutukula, waliokesha barabarani mwaka 2020 wakingoja majibu ya maabara, ilhali shehena walizobeba ndizo zilizoilisha Kampala. Kipimo cha haraka kilikuwa haja yao khasa, na mwaka 2021 Dkt. Misaki Wayengera na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa chao. Tabibu huyo alikuwa tangu kabla ya Korona akishughulikia kipimo cha namna hiyo cha Ebola, maradhi yaliyotangazwa kuzuka Kampala Januari 30, 2025, ambayo mwenye kuambukizwa huweza kukaa hadi siku 21 bila homa ya kuonekana na kamera.