Kuatika si Kubebesha: Ukuzaji wa Mparachichi Uani katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Utangulizi

Mparachichi ni mti mgeni katika Afrika Mashariki. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako wasemaji wa Kinahuatl waliuita ahuacatl, neno ambalo Wahispania walilitohoa kuwa aguacate. Katika Kiswahili tunda hili lina majina kadhaa: vitabu vya shule hutumia parachichi, wachuuzi wa masoko mengi ya Kenya husema avokado, na katika Kiswahili cha Pwani na Unguja husikika pea, mti wake ukiitwa mpea. Wingi huu wa majina haumdhuru mlaji, kwa kuwa tunda analiona kwa macho yake. Madhara huanza pale istilahi za upandaji zinapochanganywa, kwa kuwa kosa la mche hugunduliwa baada ya miaka. Makala haya yanafafanua namna ya kuukuza mti huu nyumbani katika ukanda wa Kilifi na Malindi, yakianza na istilahi hizo.

Maana mbili za kupandikiza

Kitenzi pandikiza hubeba maana mbili. Maana ya kwanza ni kuhamisha mche kutoka kitaluni na kuupanda mahali pengine, tendo ambalo pia huitwa kuatika. Maana ya pili ni kuunganisha kijiti cha mti uliokwisha kujulikana kwa uzazi wake na shina la mche mwingine, tendo ambalo wataalamu wa kilimo, hasa wa Tanzania, huliita kubebesha. Istilahi hii ya pili inafaa sana, kwa kuwa mche wa chini hukibeba kijiti kama mama abebavyo mtoto.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mparachichi ulioota kutokana na kokwa hauzai matunda yaliyo sawa na ya mti mama. Aidha, aghalabu huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa. Mche uliobebeshwa huhifadhi sifa za mti ulikotoka kijiti, na huweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Kwa hiyo mnunuzi aambiwaye kuwa mche ni "wa kupandikizwa" hana budi kuuliza ni kupandikizwa kwa namna gani, kisha alitazame shina. Mche uliobebeshwa huwa na kovu la kiungo juu kidogo ya udongo. Shina lisilo na kovu ni la kokwa, hata likisifiwa vipi.

Mazingira ya Pwani

Wataalamu huigawa miparachichi katika makundi matatu: la Meksiko, la Guatemala na la nyanda za chini za joto, ambalo huitwa la Karibi. Hass, aina iliyopata hataza Marekani mwaka 1935 na ambayo leo hulimwa sana Murang'a, ina asili ya makundi mawili ya kwanza, yaliyozoea ubaridi wa miinuko. Kundi la tatu ndilo linalostahimili zaidi joto na chumvi. Si busara, basi, kutarajia kuwa mche uliosifika katika bara ya Kenya utafanya vivyo hivyo Watamu au Mambrui.

Kwa mkazi wa Pwani, njia ya salama ni kuotesha kokwa la mti wa karibu uliokwisha kuzoea udongo wa hapo, kisha kuubebesha mche huo kijiti cha mti wenye matunda mema. Ushauri waweza kutafutwa katika kituo cha utafiti cha KALRO kilichoko Mtwapa, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi.

Upandaji na matunzo

Kokwa huoshwa, kisha hufukiwa katika mfuko wa udongo, upande mpana ukiwa chini na ncha ikichungulia juu. Shina likifikia unene wa penseli, mche huwa tayari kubebeshwa. Wakati mwema wa kuatika ni mwanzo wa masika, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi. Shimo la sentimita 60 kila upande hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri.

Adui mkubwa wa mparachichi ni maji yanayotuama, kwa kuwa huleta ugonjwa wa kuoza mizizi. Mchanga wa Pwani hupitisha maji upesi, lakini penye mfinyanzi, au mwamba wa matumbawe ulio karibu na uso wa ardhi, yafaa kupanda juu ya tuta. Adui wa pili ni chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi, na ncha za majani zikikauka na kugeuka kahawia, huenda chumvi ndiyo sababu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ni bora kwa mche mchanga.

Aidha, mche huhitaji kivuli cha makuti katika miezi ya mwanzo, na matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi, yasiyogusa shina. Machipukizi yote yanayotokea chini ya kiungo yaondolewe. Yakiachwa, mche wa chini utakishinda kijiti. Uzio nao ni wa lazima, kwa faida ya pande mbili: mbuzi huutafuna mche, na majani yake yana sumu inayoweza kuwadhuru mbuzi hao.

Mavuno

Parachichi haliivi mtini. Hukomaa likiwa juu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Ili kujua kama limekomaa, tunda moja huchumwa pamoja na kikonyo chake na kuwekwa ndani kwa siku kadhaa. Likilainika bila kunyauka, mengine yako tayari. Likisinyaa na kuwa kama mpira, yapewe muda.

Hitimisho

Wahenga walisema kuwa mvumilivu hula mbivu. Hata hivyo, uvumilivu hauwezi kurekebisha mche uliochaguliwa vibaya. Aliyeuziwa mche wa kokwa akidhani umebebeshwa huvumilia bure. Lugha ina maneno mawili tayari, kuatika na kubebesha, na kila moja lina kazi yake. Kamusi, vitabu vya kilimo na wauza miche wakiyatumia kwa kuyatenganisha, mkulima wa Ganze au Malindi atajua anachokinunua siku ile ile anapokinunua.