Shokapu ya Mbele: Kubeba, Kutuliza na Neno "Ngumu"

Shokapu (ngeli ya I-ZI, wingi ni shokapu, wengine husema shokomzoba) ni kifaa kinachopunguza mtikisiko wa chombo kipitapo mahali pabovu. Shokapu za mbele za pikipiki huwa mbili, nazo ndizo zinazoshika gurudumu. Katika muundo ulio wa kawaida, kila moja ni bomba jembamba linaloteleza ndani ya bomba pana, na ndani yake mna springi na oili.

Springi hubeba, oili hutuliza. Springi hupokea uzito wa pikipiki na mpandaji, lakini ikibanwa hutaka kurudi, na ikiachwa peke yake ingerukaruka. Oili inayolazimishwa kupita katika matundu madogo huuzuia mwendo huo usiwe wa kasi. Kazi hii ya pili inafaa kuitwa utulizaji, kutokana na kitenzi tuliza, kwani haiizuii shokapu kushuka wala kurudi. Huizuia kufanya hivyo upesi mno.

Mtafsiri anayeandika "ugumu" mahali pa utulizaji humpotosha fundi. Yako marekebisho matatu: mkazo wa awali wa springi, utulizaji wa mshuko na utulizaji wa mrejeo. Yote matatu yakiitwa ugumu, fundi hajui ageuze skrubu ipi. Tena mpandaji husema "shokapu ni ngumu" kwa sababu zinazopingana. Utulizaji wa mrejeo ukizidi, shokapu haiwahi kurudi kati ya tuta na tuta. Huzama kidogo kidogo hadi mwendo wake unaisha, na mikono hupigwa kana kwamba springi ni kali. Dawa yake ni kulegeza skrubu ya mrejeo. Anayelegeza springi badala yake huizamisha zaidi.

Jaribio la awali ni jepesi: usukani hukandamizwa, kisha huachiwa. Ukipanda na kuyumba tena na tena, utulizaji wa mrejeo ni mdogo. Ukipanda kwa kujivuta, umezidi. Skrubu za utulizaji kwa kawaida hufungwa kwanza hadi mwisho bila kutumia nguvu, kisha hufunguliwa huku milio au mizunguko ikihesabiwa. Hivyo "milio minane" bila maneno "kutoka mwisho wa kufunga" ni maelekezo pungufu.

Kitenzi fungua nacho kina mtego. Kufungua skrubu ni kuilegeza, ilhali kufungua shokapu, kwa lugha ya gereji, ni kuitenganisha ili itengenezwe. Dalili ya kwanza ya haja hiyo ni oili inayolowesha bomba jembamba: sili imekwisha, na oili ikifika kwenye breki, pikipiki haisimami inavyopaswa. Gurudumu likiwa limeinuliwa, kifuniko cha juu hulegezwa bomba lingali limeshikwa mahali pake, kisha humaliziwa kwa uangalifu, kwa maana springi hukisukuma. Bomba lenye kutu au mikwaruzo huikata sili mpya, na kazi yote hurudiwa.

Wakati wa kujaza, vitabu hutaja "kimo cha oili", na msomaji hudhani ni kina chake. Sivyo. Ni umbali kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili, springi ikiwa nje, bomba likiwa limesukumwa hadi chini, na hewa ikiwa imekwisha kutolewa kwa kulipandisha na kulishusha mara kadhaa. Namba ikikua, oili inapungua! Tafsiri iliyo salama ni "nafasi juu ya oili", nayo iwe sawa pande zote mbili.

Pikipiki nyingi za bodaboda hazina skrubu za utulizaji. Kwa hizo, fundi hubadilisha uzito wa oili: iliyo nzito hupita kwa shida katika matundu, hivyo hutuliza zaidi, lakini hufanya hivyo katika mshuko na mrejeo pamoja.